Chupa Mbili za Mwalimu Nyaga

Jambo la kwanza la kipumbavu nililofanya mwaka ule, na mengine yote yalizaliwa nalo, ni kuosha chupa mbili za maji, kuzipanga kwenye dirisha la nyuma la darasa letu la kidato cha pili, na kumfungulia mwalimu wetu soko. Chupa moja ilikuwa ya mahindi, nyingine ya maharagwe. Ukiamini Mwalimu Nyaga atapita ukaguzi wake wa ualimu, ulinipa kipande cha mkate wa asubuhi, nami nikadondosha punje moja ya mahindi. Ukiamini ataanguka, ulinipa kipande hicho hicho, nikadondosha haragwe. Siku ya matokeo waliopatia wangegawana mkate wote, na mimi mwenye soko ningekuwa nimeshakula changu, kipande kimoja katika kila vitano, kwa kazi ngumu ya kuosha chupa. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilidhani nimegundua uchumi.

Ningekuwa nimesahau, maana kusahau ni kipaji changu cha pili baada ya kuiga watu, lakini likizo iliyopita shangazi alinituma Makutano nimnunulie mbegu za mahindi. Nikaingia duka la dawa za mifugo pale karibu na njia panda, na nyuma ya kaunta alikuwa Mwalimu Nyaga, kavaa koti la kijani la duka, anamweleza mama mmoja namna ya kuchanganya dawa ya kupe bila kumuua mbuzi mwenyewe. Zamu yangu ikafika, nikaagiza mbegu na kutoa pesa. Nikasema, “Mwalimu, habari ya siku nyingi?” Akachukua pakiti ya mbegu, akaiweka mbele yangu, akanirudishia chenji, akanitazama kama ubao uliofutwa, halafu akasema juu ya bega langu, “Karibu, mama, nikusaidie na nini?” Hakuwa na hasira. Hasira ningeijibu, nina majibu ya hasira ya kutosha kugawa. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua na pakiti mkononi, malori yananipigia honi.

Alikuja kwetu mwaka ule kama mwalimu wa mazoezi, TP kama tunavyowaita, wale wanaotumwa na chuo wafundishe muhula mmoja huku wakikaguliwa. Shule yetu iko upande wa Meru, nao vijana wa Meru wana heshima yao, lakini si kwa TP. Shule ilimpa chumba nyuma ya jikoni, chenye ukubwa wa kabati lenye tamaa, ambamo kila shati alilofua lilikauka likinuka kabeji. Alitoka Kibugu, kwa Waembu wakulima wa chai. Mimi natoka Kianjokoma, vilima vya jirani tu. Kwa hiyo darasa zima tulikuwa Waembu wawili, yeye na mimi. Siku ya kwanza aliposikia jina langu alinivuta kando akaniambia kwa Kiembu, “Mugendi, wewe ni wa kwetu. Utaniangalia.” Nikasema ndio, mwalimu. Jioni hiyo hiyo, kwenye foleni ya githeri, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, nilikuwa naonyesha watu anavyotembea: magoti juu, kama mtu anayepita katikati ya michai yenye umande akiwa na suruali yake ya pekee. Watu walicheka mpaka mpishi akatupigia bakuli kwa mwiko. Nilimwangalia vizuri sana, Mwalimu Nyaga. Hakuna aliyemwangalia kama mimi.

Siku za Ijumaa alikuwa na klabu ya biashara ndani ya chumba cha kompyuta, ambamo kompyuta moja tu ndiyo iliyokuwa hai na nyingine zilikaa pale kama maiti zinazosubiri ndugu. Tulienda kwa sababu kulikuwa na joto. Siku moja akafungua ukurasa wa soko la hisa la Wamarekani, umejaa namba, akauliza, “Nani kwao kuna makadamia?” Mikono ikainuka nusu ya chumba. “Haya. Dalali anakuja maua yakiwa bado mtini. Anamwachia mama yako kitu kidogo, anasema, ‘Nikirudi, utaniuzia kwa bei hii tuliyosikizana.’ Halafu?”

“Halafu harudi,” Mwenda akasema. Mwenda ni yule kijana wa kila darasa, mkubwa kuliko dawati lake.

“Vizuri sana! Harudi bei ikianguka. Bei ikipanda, atakuja mbio. Hajanunua makadamia, amenunua haki ya kununua. Sasa geuza. Mama yako naye anaweza kumlipa dalali kidogo, ili bei ikianguka dalali alazimike kuzichukua kwa ile bei ya zamani. Hiyo ni haki ya kuuza. Wamarekani wananunua haki hizi mbili juu ya hisa za kampuni, kutwa nzima. Ndizo zinaitwa opsheni.” Alikuwa akisema huku ameinuka kwenye vidole vya miguu. “Sasa mtu mwenye akili anafanya nini? Anahesabu. Haki za kuuza zilizonunuliwa leo ni ngapi, anagawanya kwa zile za kununua. Uwiano ukipita moja, soko linaogopa. Ukishuka chini sana, soko limelewa.”

Kirimi, aliyekuwa wa kwanza darasani na aliyempenda mwalimu kwa namna ya kutia kichefuchefu, akainua mkono. “Kwa hivyo tunajua kampuni gani ni mbovu?”

“Hapana, Kirimi. Hii haipimi kampuni. Inapima tumbo la anayeitazama kampuni. Na sikiza, usidhani kila anayenunua haki ya kuuza ni adui. Mwenye shamba ndiye hukata bima ya shamba. Jirani asiye na shamba atakata ya nini? Tena kuna jambo lingine tamu. Watu wakiogopa wote kwa pamoja, mara nyingi wa kuuza ameshauza. Amebaki nani wa kuiangusha bei? Hapo wazee wa soko huanza kununua.” Kirimi aliandika kila neno. Mimi nilimchora mwalimu akiwa na tumbo kubwa kama gunia, limefungwa kipimo cha joto.

Kaguzi zilikuwa mbili. Ya kwanza alikuja mama mmoja kutoka chuoni, mrefu, na mkoba mweusi alioushika kama mtu aliyeambiwa hapa kuna wezi. Mwalimu alihutubia kipindi kizima bila kuvuta pumzi. Baadaye, barazani, nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji kwa sababu zangu, nilimsikia yule mama akimwambia, “Nyaga, hukufundisha darasa, umehubiria viti. Nikirudi nataka kuwasikia watoto. Nisipowasikia, sitakuwa na la kukusaidia.” Kipindi kilichofuata Mwalimu Nyaga akafanya kosa ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala bweni angemwonya: alituambia ukweli. Alisimama mbele yetu na chaki kwenye vidole akasema, “Nikianguka ya pili, inabidi nirudie mwaka. Na sitarudia, kwa sababu kwetu ng'ombe wa kuuza alikuwa mmoja. Kwa hivyo nawaomba. Ukijua jibu, inua mkono. Usipojua, inua pia, tutakosea pamoja.” Huwezi kuwaambia vijana wenye njaa mahali unapoumia halafu ugeuke kuandika ubaoni. Jioni hiyo nikaosha chupa.

Nikisema njaa nasema njaa ya shule, ambayo si njaa ya kufa, ni njaa ya kuwaza. Asubuhi tulipewa vipande viwili vya mkate na kikombe cha strungi, chai isiyojua maziwa, na kipande cha pili mtu alikilinda kama mchumba. Ndiyo maana soko langu lilikuwa na maana. Mtu hakutoa maoni tu, alitoa kifungua kinywa. Mwanzoni, niseme ukweli, mahindi yaliongoza. Watu walimpenda kidogo, au walipenda ile habari ya ng'ombe. Nilipita kati ya madawati nikitangaza kwa sauti ya redio, “Soko limelewa, ndugu wasikilizaji, uwiano uko chini ya moja,” na mkate niliuweka ndani ya sanduku langu la bati, juu ya soksi. Mwenda peke yake alikaa na maharagwe. “Buda, yule ataanguka tu,” alisema. “Tazama hizo magoti.”

Chupa mwalimu aliziona siku ya tatu au ya nne. Alikuja nyuma kufungua dirisha, akasimama. Akainua moja, akaitikisa, akainua nyingine. “Hii ni ya nini?” Hakuna aliyejibu, kwa hiyo nikajibu mimi, maana siwezi kuacha ukimya peke yake. “Ni opsheni, mwalimu. Juu ya hisa zako.” Nilijua nitachapwa, nikakaza makalio tayari. Badala yake akacheka. Alicheka kweli, meno yote nje, akarudi mbele na zile chupa akizishika kama watoto mapacha. “Yaani mmeelewa! Nimewafundisha kitu mkakifanya! Mahindi ni haki ya kununua, sivyo? Na maharagwe ya kuuza. Sasa nani ataniambia, mimi mwenyewe, mwenye hii shamba, nafaa kununua gani?”

“Mahindi, mwalimu!” darasa zima.

“Hapana! Tulisemaje? Mwenye shamba ndiye hukata bima.” Akatoa mfukoni mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, chakula chake cha saa nne, akayaweka kwenye dawati langu. “Mugendi, niuzie haragwe moja.” Nikamuuzia. Alilidondosha mwenyewe, likalia tik juu ya yale machache ya Mwenda, akapiga makofi ya kufuta chaki, akaendelea na somo. Ilikuwa mfano mzuri. Ningekuwa mkaguzi ningempa alama zote pale pale. Lakini darasa halikuona bima. Darasa liliona mwenye kampuni akiuza hisa zake mwenyewe mchana kweupe. Hata kabla ya kengele ya chakula watu walikuwa kwenye dawati langu. “Jamaa mwenyewe amejikataa,” Mwenda alikuwa akisema, “na wewe unabaki na mahindi ya nini, ufuge kuku?” Asubuhi iliyofuata sikunywa strungi kwa sababu sikupata nafasi. Nilipokea mkate kwa mikono miwili. Kirimi naye alikuja, macho chini, akanunua maharagwe siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa, kuliko mtu yeyote. Nikamuuliza, “Hata wewe, mpenzi wa mwalimu?” Akasema polepole, “Akienda, angalau nisilie nikiwa na njaa.” Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameelewa somo. Mimi nikalicheka kwa sauti ili wengine wasikie.

Jioni moja nilitumwa jikoni kurudisha sufuria, nikapita chini ya kidirisha cha chumba chake. Alikuwa kwenye simu na mama yake. Nilisimama, bila shaka nilisimama, kwa nini niende. “Hapana, mama, wananipenda,” alikuwa akisema kwa Kiembu. “Wameniwekea mpaka chupa darasani. Ndiyo. Wengi wanaogopa nitaanguka. Lakini hiyo ni dalili nzuri, mama. Woga ukijaa hivyo, huwa umeisha. Utaona.” Nilirudi bweni nikayaigiza mazungumzo yote, upande wake na upande wa mama yake niliyemtunga mwenyewe, kiziwi kidogo, anauliza chupa za pombe ama za maji. Niliombwa kurudia. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara mama yake alizidi kuwa kiziwi.

Kitu ambacho Mwalimu Nyaga hakukiona, na nadhani hakikuwa kwenye ukurasa wake, ni hiki. Kule Marekani mtu anayenunua haki ya kuuza hisa za kiwanda hawezi kuamka asubuhi akaenda kuzima mashine za kiwanda. Anaogopa tu, kwa mbali, na woga wake unahesabiwa. Sisi tulikaa mbele ya kiwanda. Tulikuwa mashine zenyewe. Mtu mwenye maharagwe matano hakuwa tena na maoni kuhusu mwalimu, alikuwa na kazi ya kufanya. Wala hakukuwa na mkutano. Mwenda alisema tu, foleni ya kunawa, “Siku hiyo nisisikie mtu ameinua mkono. Atakayeinua tutamwosha,” na kuoshwa kwetu hakuhitaji sabuni.

Mkaguzi akaja, akakaa nyuma, mkoba kwenye mapaja, chupa zangu dirishani juu ya kichwa chake tu: ile ya mahindi ina kama kiganja, ile ya maharagwe imejaa mpaka shingoni. Mwalimu alikuwa amepiga pasi. Alianza vizuri. Aliuliza swali jepesi, la mtoto wa nasari, soko ni nini. Hakuna mkono. Akatabasamu, akaligeuza. Hakuna. Tulimtazama, vijana arobaini na kitu, kwa heshima kamili, mikono juu ya madawati, kama picha ya shule. Angepigiwa kelele angejua la kufanya. Sikiliza, ukimya wa namna hiyo una uzito, uliweza kuona unavyomshukia mabegani. Nyuma kalamu ya yule mama ikawa inasikika. “Kirimi?” mwalimu akasema. Kirimi akasimama. Chini ya dawati goti la Mwenda lilikuwa limegusa lake. “Sijui, mwalimu.” “Kirimi, hii unaijua.” “Sijui.” Akakaa, akainamisha kichwa kwenye kitabu asikiinue tena.

Ndipo Mwalimu Nyaga akanigeukia. Aliniita kwa jina la pili, la nyumbani, ambalo pale shuleni nilikuwa nimemtajia yeye peke yake. Akauliza, na sauti ilikuwa imebaki nyembamba, “Uwiano ukipita moja, unatuambia nini kuhusu soko?” Nilijua. Nilijua na la ziada, nilijua bima, nilijua woga unaoisha, ningeweza kuongea mpaka kengele na hakuna ambaye angeniosha, maana mwenye soko haoshwi. Nikasimama taratibu. Nikajishika kifua kama mhubiri. Nikasema, “Mwalimu, mimi sina maoni. Mimi ni soko tu.”

Darasa lilipasuka. Ilikuwa sauti ya kwanza kipindi kizima, na ilikuwa kubwa hivi kwamba darasa la jirani waligonga ukuta. Mwenda alilala kifudifudi akipiga dawati ngumi. Hata yule mama wa chuo alifunika mdomo kwa kalamu, halafu akaandika kitu kifupi, halafu akafunga mkoba. Mwalimu Nyaga alisubiri kicheko kiishe, kwa adabu, kama mtu anayempisha ng'ombe barabarani. Akageuka akafuta ubao, ambao haukuwa na kitu. Ule ndio mzaha bora niliowahi kusema maishani mwangu, na bado ni bora, hilo ndilo linalonikera.

Aliondoka kabla ya chakula cha jioni, begi moja na godoro lililokunjwa, akipandisha magoti yale kuelekea lango. Hakumshtaki mtu. Mkate tuligawana kesho yake. Nilipofungua sanduku, vipande vya juu vilikuwa vimekauka kama vigae na vya chini vimeota ukungu wa kijani, na soksi zangu zimo. Walivichukua. Walikwangua kijani kwa rula za hesabu, wakachovya kwenye strungi, wakala. Kirimi alipewa rundo kubwa kuliko wote. Alilibeba lote kwenye sweta, akalipeleka ofisini kwa naibu mkuu wa shule, akalimwaga mezani, akasema kila kitu huku analia kamasi. Ndivyo nilivyopewa wiki mbili za kukaa nyumbani.

Sasa, ni lazima umjue mama. Kicheko changu nimekipata kwake. Niliwahi kumwiga kasisi wetu akipokea kuku wa sadaka, mama akaangusha chungu. Nilipofika Kianjokoma alikuwa jikoni, ameketi kwenye kiti kifupi, anamenya viazi, moto wa matawi ya michai iliyopogolewa unamtoa machozi. Alisoma barua ya shule, akaiweka chini ya sufuria, akasema, “Haya, niambie na mdomo wako.” Nikamwambia. Niliamua kwamba akicheka, basi imekwisha, lilikuwa jambo la vijana. Nilitumia kila nilichonacho. Nilifanya magoti, nilifanya mandazi na lile tik, nilifanya simu na mama kiziwi, nilifanya goti la Mwenda, nikamaliza na mkono kifuani, mimi ni soko tu, kwa ufundi ule ule, pale pale pa kunyamazia. Kisu chake kiliendelea na kiazi. Maganda yakaanguka. Nikangoja. Nikasema tena, labda hakusikia vizuri, “Soko tu, mama.”

“Na hilo jibu,” akasema bila kuinua macho, “ulikuwa unalijua?”

“Nilikuwa nalijua.”

“Lote?”

“Lote, mama.”

Akatia kiazi ndani ya maji, akachukua kingine, akakigeuza akitafuta pa kuanzia. Alisema kwa Kiembu, nami hapa natafsiri, ila sijapunguza kitu wala kuongeza:

“Siku niliyokuzaa, nesi aliniuliza kama nataka kukuona kwanza au kupumzika kwanza. Nikasema nikuone. Mugendi, ningepumzika.”